Mtoto Wangu Aliingia Kwenye Mchezo wa Makachero na Jina la Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri Kananu,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba msamaha kwa kukawia, maana barua hii niliianza kabla mtoto hajaota jino na sasa ako na mawili na ananiuma nayo, na kila nikikaa niandike ng'ombe analia ama mtoto anaamka ama mimi mwenyewe nalala na kalamu mkononi, lakini leo lazima nimalize kwa sababu shule zinakaribia kufungwa na shule zikifungwa wale watu wa kamera wanarudi Kiganjo, na hapo nitatakiwa niseme naenda ama siendi.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, kwa hivyo usinicheke kwa mwandiko. Nimeolewa hapa na Theuri, ambaye anafanya kazi kwa mashine ya kukoboa mchele huko Wang'uru na anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hivyo siku nyingi bomani tuko watatu tu, mimi na mama mkwe na mtoto. Huyu ndiye msichana wetu wa kwanza na kama ilivyo kawaida yetu amepewa jina la mama ya baba yake. Mama mkwe anaitwa (jina limetolewa) na mtoto pia ni (jina limetolewa). Theuri akimbeba anamwita mami. Mama mkwe naye, kwa sababu jina ni lake, anamwita Mimi. Kila asubuhi nikitoka kukama nasikia, "Leta Mimi nimshike. Mimi amekula? Huyu Mimi hakulala vizuri, angalia macho." Mgeni akipita nje anafikiri ni shosho, nyanya mwenyewe, ndiye hakulala.

Sasa sikia vile ilikuwa. Unajua ule mchezo wa makachero wa televisheni wa kila Jumanne jioni, ule ambao watu wakisalimiana Jumatano wanaulizana kwanza ni nani aliua. Mama mkwe haukosi. Yeye anamjua muuaji kabla ya matangazo ya kwanza, anaonyesha kwa mwiko, "Ni huyo wa koti," na ni huyo wa koti. Basi hao watu walikuja kupigia picha hapa hapa kwetu. Walikuja na magari na taa kubwa kama za uwanjani, wakachukua stoo ya zamani ya kahawa wakaigeuza kituo cha polisi, na mimi nikaanza kuwapelekea chai na chapati na mtoto mgongoni.

Aliyechukuliwa kwanza ni mtoto, si mimi. Walikuwa na mtoto wa plastiki. Dairekta wao, kijana mpole kutoka pwani, akaangalia kwa kamera akasema huyo mtoto anaonekana kama maiti, na maiti tuko nayo moja kwa hiyo stori, inatosha. Akauliza kama naweza kuwaazima wangu. Nikampatia mwigizaji aliyetakiwa kumbeba kwa mchezo, msichana wa Nairobi mwenye kucha ndefu, na mtoto akalia kama amedungwa sindano. Wakajaribu tena, akalia tena mpaka watu wa taa wakatoka nje. Dairekta akasema, "Basi mama yake ndiye aseme." Mimi nikageuka nyuma nione anaongea na nani.

Mshauri, niliambiwa maneno mara moja nikayasema na kila mtu akanyamaza. Hata yule anayeshika maikrofoni juu alinyamaza na kumbe kazi yake ni kunyamaza lakini hiyo ilikuwa tofauti. Dairekta akaniambia, "Dada, ulikuwa wapi siku zote?" Nikamwambia nilikuwa jikoni. Akauliza mtoto anaitwa nani ndiyo nimtulize kwa jina nikiwa kwa kamera, nikamwambia mbio mbio, akasema ni jina zuri, tutumie hilo hilo. Kwa hivyo kwa mchezo kuna mahali mtoto anaguna na mimi nasema, "Nyamaza, (jina limetolewa)," halafu naendelea na kachero.

Na stori yenyewe ni hii. Kuna dada wawili. Mkubwa alipata mimba akiwa shule, hana bwana, akazaa msichana, na mama yao akamtoa nyumbani na mtoto mgongoni, akamfungia mlango. Mdogo aliona hayo yote. Mwaka uliofuata yeye naye akashika mimba, akaogopa huo mlango, akaenda kwa mtu wa dawa nyuma ya stendi ili aitoe, na akafa. Makachero wanatafuta aliyempa dawa. Mimi ndimi dada mkubwa. Pale kituoni nimeshapigwa picha, imebaki ya kotini, yaani mahakamani, na hiyo koti itakuwa ndani ya ukumbi wa shule, ndiyo maana wanangoja wanafunzi waende nyumbani. Hapo nitasimama mbele ya hakimu niseme, "Mnaniuliza ni nani alimpa dawa. Nimeshawaambia. Hakuna mtu ameniuliza ni nani alimfungia mlango."

Hayo maneno nimeyakariri nikikata majani ya ng'ombe. Ng'ombe ndiye hakimu. Siku nyingine ananiangalia vizuri, siku nyingine anaendelea kula na mimi namwambia, mheshimiwa, hii ni kesi ya mtu kufa. Sijawahi kuwa na kitu changu hivi tangu niache shule. Nimechoka, mtoto hanipi usingizi, mgongo unauma, lakini nikifika hapo kwa "hakuna mtu ameniuliza" ni kama mtu amenifungulia dirisha.

Jioni ya siku hiyo ya kwanza nilirudi mbio nikamwambia mama mkwe yote, sikumficha kitu. Alikuwa amemshika mtoto, anacheka, anauliza, "Na ni nani aliua? Ni daktari? Si daktari," mpaka nikafika pale pa kumtuliza mtoto. Akaweka kikombe chini.

"Mtoto anaitwa nani kwa hiyo mchezo?"

"Anaitwa jina yake, mami."

"Na huyo msichana hana bwana."

"Hana."

"Na mama yake ndiye alimfukuza."

"Ndiyo, mami, hiyo ndiyo stori."

Akanirudishia mtoto, akachukua kikombe chake akaenda kunywea nje na ilikuwa baridi ya Kiganjo ile ya kutoa moshi mdomoni.

Kesho yake akaniambia mchezo wa kutoa mimba ni dhambi na hautaingia bomani kwake. Nikamwambia, mami, msichana anakufa, hawamsifu. Akasema dhambi ni dhambi. Jumapili baada ya kanisa akaja na akina mama wa ushirika, wakakaa, nikawapikia chai, na mimi ndimi nilikuwa ajenda. Mama Gatimu akasema, "Hizi televisheni ndizo zinafundisha wasichana mahali dawa iko. Uhai ni wa Mungu, haujaribiwi kwa kamera." Wengine wakaitikia. Njoki, jirani yetu, ambaye hasemi sana, akasema, "Mahali dawa iko wanajua. Hawajui nani wa kuambia."

"Kwa hivyo wewe unasema watoe?" Mama Gatimu akamuuliza.

"Sijasema watoe. Nimesema mimi nilikuwa na dada, akafa hivyo, na kwa mazishi tukasema ni malaria." Akanywa chai. "Malaria, hapa Nyeri, na hii baridi. Na nyinyi mkatuimbia, na hakuna aliyeuliza."

Mshauri, hata kuku walinyamaza. Mama mkwe akasema, "Njoki, sikuwa nasema juu ya dada yako." Njoki akasema anajua, akavuta shali yake, akaenda. Wengine nao wakamaliza chai wakaenda.

Mimi kwa hayo mabishano ya kutoa mimba sitajifanya najua. Wangu nilimtaka, hata usiku ule nalia naye nilimtaka. Lakini hayo maneno ya kotini nataka kuyasema na sitadanganya kwamba sitaki.

Nikamwambia mama mkwe hivyo, kwa heshima, nimepiga magoti nikisonga ugali. Akaniambia bila kupaza sauti, "Ukienda huko kotini kwao, umtafutie mtoto jina lingine." Tangu hiyo siku hasemi Mimi. Anasema huyo mtoto. "Huyo mtoto analia." Asubuhi hamshiki, nakama ng'ombe na mtoto mgongoni na ng'ombe hapendi. Mtoto akisikia sauti ya shosho yake ananyoosha mikono, na shosho anaenda kuangalia kuku. Nimempigia Theuri, akasema, "Nyinyi wawili mnajuana, mimi niko na mchele." Dairekta naye amenitumia ujumbe, anauliza tuko pamoja?

Sasa vitu ambavyo nakuomba unitumie kwa gazeti, kabla shule zifungwe, ni hivi. Nitumie jibu la niende ama nisiende. Nitumie maneno mazuri ya kumwambia mama mkwe juu ya kutoa mimba, yenye yako kwa Biblia kama yako. Nitumie kitu cha kumwambia Theuri ili aache mchele siku moja aje. Na ikishindikana kabisa nitumie jina la msichana, zuri, kwa sababu nimejaribu kumfikiria mtoto wangu na jina lingine na nimeshindwa.

Ni mimi,
Mama (jina limetolewa), Kiganjo.


KANANU ANAJIBU

Mama wa Kiganjo,

Pole kwa mgongo na kwa hayo meno mawili, na hongera. Barua yako niliwasomea wenzangu hapa ofisini, na nilipofika kwa ng'ombe hakimu mhariri aliacha simu yake ikilia. Una kipaji. Sasa keti, maana nitakugombeza.

Umeona mabano kwenye barua yako? Ni mimi nimeyatia. Uliandika jina la mama mkwe wako toka mwanzo mpaka mwisho, na ukalitumia hata kutia sahihi, ukitaka nilichapishe nchi nzima ilisome. Nimelitoa kila mahali. Majina mengine pia nimeyabadilisha. Kosa uliloniletea nikusaidie ndilo hilo hilo umelirudia ukiniandikia.

Mimi ni wa Meru, na kwetu pia majina yanarithiwa, kwa hivyo usiniambie hukujua. Nijibu. Msichana asiye na bwana akizaa msichana, huyo mtoto anaitwa nani? Anaitwa kwa jina la nyanya yake, mama ya huyo msichana, kwa sababu upande wa baba haupo. Hata mtoto wa chekechea kutoka Kangema mpaka Maua anajua. Sasa kwa mchezo wewe ni msichana asiye na bwana, na mtoto mgongoni unamwita kwa jina la mama mkwe wako. Basi yule mama aliyefunga mlango, yule ambaye binti yake alikufa kwa kumwogopa, anaitwa nani? Kijana wa pwani hajui mambo yenu, kwake lilikuwa jina zuri tu. Wewe ulijua, furaha ikakusahaulisha. Lakini Jumanne hiyo ikifika, kila nyumba ya Kiganjo itamjua huyo mama mkatili kwa jina, na Jumatano watamwangalia mama mkwe wako akinunua chumvi.

Yeye alijua kabla chai ipoe. Soma tena maswali aliyokuuliza jioni ile. Hakuna hata moja la mimba. Mtoto anaitwa nani, msichana ana bwana, nani alimfukuza. Mama anayemtambua muuaji kabla ya matangazo, ulifikiri hatatambua jina lake? Akakuambia wazi kabisa umtafutie mtoto jina lingine, na wewe ukasikia mahubiri.

Usinielewe vibaya. Anaamini kutoa mimba ni dhambi, na hiyo ni imani yake, hakuiazima ili akubane. Mama Gatimu anaamini hivyo pia. Njoki ana jambo lake la kusema, na nchi nzima inabishana, na mimi sitaumaliza ubishi huo kwa ukurasa mmoja wa Jumamosi. Ninachoona ni kwamba mchezo wenu hausemi toa wala usitoe. Unauliza kwa nini msichana alikosa mtu wa kumwambia. Hilo hata ushirika wa akina mama unaweza kuuliza, na juzi liliulizwa sebuleni kwako. Njoki alibeba mazishi ya uongo miaka yote hiyo, akayatua mbele ya vikombe vyenu, na wewe umeandika "hata kuku walinyamaza" ukaruka kama mtu aliyevuka mfereji. Kuna mmoja wenu aliyemfuata? Mfuate wewe. Leo. Usimwulize kitu, kaa naye umsaidie kumenya viazi.

Nikugombeze na hili la mwisho. Mtoto wa meno mawili chini ya taa za uwanjani, na hakuna aliyemwuliza baba yake. Mtoto si birika la chai la kuazimana. Anaye baba, na baba atoe ruhusa yake kwanza, na mtoto akilia mara ya pili kazi isimame.

Sasa fanya hivi. Asubuhi, kabla ya kukama, mwendee mama mkwe na mtoto mikononi, si mgongoni. Mwambie, "Mami, nilitoa jina lako kwa watu bila kukuuliza. Nimekosa." Ukifika hapo funga mdomo. Usiongeze lakini. Usimweleze stori ni nzuri wala msichana hasifiwi. Kama atakaa kimya, kaeni kimya wote.

Halafu mpigie dairekta umwambie pale kituoni uliposema "Nyamaza" lazima sauti irudiwe bila jina hilo. Sauti hurudiwa kila siku katika kazi hiyo, si ajabu. Akikataa, huendi kotini, hata kama ng'ombe atalia, maana hakuna maneno matamu ya kutosha kulipia jina la mtu aliye hai. Akikubali, unaenda, na unayasema hayo maneno umesimama wima, na humwombi mtu yeyote radhi kwa kuyasema.

Mchezo utahitaji jina lingine la mtoto. Usilichague wewe, wala dairekta. Mwombe mama mkwe alichague yeye. Yeye ndiye anayejua ni jina gani halina mwenyewe hapo kijijini, na yeye ndiye ameutazama mchezo huo kuliko ninyi nyote. Anaweza kukataa. Mwombe hata hivyo.

Uliniomba nikutumie vitu. Jibu nimelituma. Maneno ya Biblia situmi, anayo mengi kuliko mimi na wewe, na siyo anayongoja kwako. Theuri msomee hii kwa simu, na umwambie mchele ukingoja siku moja hauoti, lakini mama yake amenywa chai nje kwenye baridi na yeye hakuuliza kwa nini.

Jina la msichana situmi. Ana lake. Iko asubuhi utatoka kukama na utasikia, "Leta Mimi nimshike." Mpe kwanza, unawe mikono yako, kisha uniandikie. Na mama mkwe akisema sawa, kwa mdomo wake mwenyewe, nitayaondoa mabano.

Kananu